Baraza Lililogeuzwa Jukwaa

Ukarimu ni pambo la mji, na mji usiokaribisha wageni ni kama nyumba isiyo mlango. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na maana yake si kwamba mgeni huleta fedha tu, bali kwamba ujio wake humzindua mwenyeji: nyumba hufagiwa, mkeka mpya hutandikwa, na chungu kilichokuwa kimelala hutelekwa jikoni. Lakini methali hiyo ina sharti lisilotamkwa. Ili mwenyeji apone, lazima kwanza mwenyeji awepo. Mahali ambapo mgeni hupokewa na mgeni mwenziwe, na mwenyeji wa kweli ameketishwa juu ya kiti cha kuazima katika ukumbi wake mwenyewe, hapo hapana ukarimu; pana maonyesho ya ukarimu. Habari ya mji wa Oban, katika pwani ya magharibi ya Uskoti, na tamasha la Wagaeli liitwalo Mòd, ni habari ya jambo hilo, nayo yastahili kupimwa kwa mizani isiyo na upendeleo.

Oban ni mji mdogo wa watu elfu nane na ziada. Jina lake kwa Kigaeli ni An t-Òban, yaani ghuba ndogo. Juu ya kilima chake limesimama jengo la duara lenye matao, mfano wa kiwanja cha kale cha Warumi, lililoanzwa mwaka 1897 na tajiri mmoja wa benki jina lake John Stuart McCaig, na kukoma alipokufa mwaka 1902. Chini ya kilima pana kiwanda cha wiski ambacho asili yake ni ya mwaka 1794, na mbele yake pana gati. Katika gati hilo hutoka meli za kwenda Mull, Lismore, Colonsay, Coll, Tiree na Barra, visiwa ambavyo kwa karne nyingi Kigaeli kilikuwa ndiyo lugha ya sala, ya biashara, ya uvuvi na ya ugomvi. Oktoba 2024 Mòd ilifanyika katika mji huu kwa siku tisa, baada ya kuwa hapo mara nyingine mwaka 2015. Neno "Fàilte", maana yake karibu, ndilo salamu ya tamasha hilo kila liendako. Hoteli hujaa, kwaya huwasili kutoka miji ya mbali, zumari hupulizwa, na wanaume huvaa sketi zao za sufu zenye miraba. Hapana mtu mwenye moyo wa nyama awezaye kuchukia furaha kama hiyo.

Lakini furaha si hoja. Mtu anayetaka kujua kama karamu ilikuwa njema hapimi kelele za ukumbini. Hutazama watoto wa nyumba hiyo wamekula nini siku ya pili.

Yafaa kuanza na jina lenyewe. Neno mòd lina asili katika lugha ya watu wa Skandinavia wa kale, ambao walivitawala visiwa vya magharibi mwa Uskoti kwa muda mrefu, na maana yake ni mkutano au baraza. Kila mtu aliyelelewa pwani ya Afrika ya Mashariki ajua baraza ni kitu gani. Barazani watu huketi kwa usawa. Mmoja husema na mwingine hujibu. Mtoto husikiliza, na kwa kusikiliza hujifunza lugha bila ya kujua kwamba anajifunza. Jukwaa ni kitu kingine kabisa. Jukwaani mmoja huinuka na mia hunyamaza. Baraza hukuza wasemaji, jukwaa hukuza watazamaji. Mòd ilipewa jina la baraza, lakini tangu ilipoanza imejengwa kwa mbao za jukwaa, na humo ndimo lilimo kosa lake kubwa.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1891 kiliundwa katika mji huo huo wa Oban chama kiitwacho An Comunn Gàidhealach, na mwaka 1892 Mòd ya kwanza ikafanyika hapo hapo, kwa kufuata mfano wa Eisteddfod ya Wales. Ilikuwa kazi ya siku moja tu. Tangu wakati huo imefanyika karibu kila mwaka isipokuwa miaka ya vita vikuu viwili na mwaka 2020 wa maradhi ya korona, ikihama mji kwa mji: Inverness, Stornoway, Dunoon, Glasgow, Perth, Paisley na mingineyo. Nishani ya dhahabu ya mwimbaji bora wa kiume na ya mwimbaji bora wa kike ni heshima inayotajwa kwa fahari mpaka kaburini.

Sasa na ifunguliwe hesabu nyingine. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1891, mwaka uleule kilipozaliwa chama hicho, watu zaidi ya 250,000 katika Uskoti walisema Kigaeli, na miongoni mwao zaidi ya 40,000 hawakujua lugha nyingine yoyote. Katika hesabu ya mwaka 2022 waliosema Kigaeli walikuwa 69,701, na mtu asiyejua lugha nyingine amekuwa kama hadithi ya wazee. Tamasha limekua kutoka siku moja hadi tisa. Lugha imepungua kutoka robo milioni hadi chini ya theluthi yake. Mistari miwili hii, mmoja ukipanda na mmoja ukishuka, imekwenda sambamba kwa miaka zaidi ya 130.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba Mòd ndiyo iliyoiua lugha. Wauaji wanajulikana kwa majina na kwa tarehe. Mwaka 1616 Baraza la Mfalme katika Uskoti liliamuru shule zijengwe kila parokia ili Kiingereza kienee na lugha ya Wagaeli iondolewe. Baada ya vita vya Culloden, mwaka 1746, utaratibu wa kale wa koo ulivunjwa. Kisha mabwana wa ardhi wakaona kwamba kondoo wana faida kuliko binadamu. Wakulima wakafukuzwa katika mabonde yao, kama ilivyokuwa Strathnaver mwaka 1814 na mwaka 1819, na nyumba zao zikatiwa moto. Mwaka 1872 sheria ya elimu ikamlazimisha kila mtoto kwenda shule, lakini haikuitaja lugha ya Kigaeli hata kwa neno moja, na kimya cha sheria ni amri. Vita vya kwanza vya dunia vikachukua vijana, na siku ya kwanza ya Januari 1919 meli Iolaire ikazama mlangoni mwa Stornoway na mabaharia wapatao 200 waliokuwa wakirudi kwao. Baada ya hapo meli za kuhamia ng'ambo zikachukua waliosalia na nguvu. Mòd haikufanya lolote katika hayo.

Tena chama hicho kina sifa ambayo haifai kufichwa. Ndicho kilichopigania kifungu cha Kigaeli katika sheria ya elimu ya mwaka 1918, kifungu kilichowataka wakuu wa elimu waweke mpango wa kutosha wa kuifundisha lugha hiyo mahali inaposemwa. Kifungu kilikuwa dhaifu, maana neno "kutosha" halikupewa kipimo. Lakini kilipatikana kwa kudai, wala hakikupatikana kwa kuimba. Hili ni somo ambalo waandalizi wa tamasha na miji inayolikaribisha wangepaswa kulikumbuka kila mwaka. Siku chama kilipokwenda Bungeni kilitoka na sheria. Siku kilipokwenda ukumbini kilitoka na vikombe.

Watetezi wa tamasha wana hoja tatu, na kila moja ina haki ya kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni ya wenye hoteli na wa maduka. Wao husema kwamba wageni huja Oktoba, wakati majira ya watalii yamekwisha, mvua imeanza na vitanda ni vitupu. Basi tamasha ni riziki. Maneno haya ni kweli, wala riziki si jambo la kudharauliwa na mtu ambaye mshahara wake huingia kila mwezi. Lakini ni hoja ya vitanda, si hoja ya lugha. Vitanda vingejaa vilevile kwa mashindano ya kuvua samaki. Mji unaosema kwamba umekipenda Kigaeli kwa sababu kimeujazia hoteli, umesema kwamba umezipenda hoteli. Si bure kwamba wenyeji wenyewe, kwa mzaha wenye ukweli ndani yake, wamelipa tamasha lakabu ya Olimpiki za Wiski.

Hoja ya pili ni ya fahari. Watoto, husemwa, huiona lugha ya bibi zao imevikwa taji, na aibu iliyotiwa na shule ya zamani huondoka. Hoja hii ni nzito kuliko ya kwanza. Mtu ambaye baba yake alipigwa shuleni kwa kusema lugha ya mama, kisha akamwona binti yake akishangiliwa kwa lugha ileile, amepata kitu ambacho hakinunuliki. Lakini fahari ni mbegu, na mbegu haivunwi ghalani. Taji la siku tisa linalofuatwa na siku 356 za kofia ya kila siku humfundisha mtoto mwerevu jambo baya: kwamba lugha ya nyanyake ni vazi la sherehe, la kutolewa sandukuni, kupigwa pasi, kuvaliwa na kurudishwa. Hapana lugha iliyoishi sandukuni.

Hoja ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni kwamba wimbo huhifadhi lugha. Hapa pana ukweli nusu, na ukweli nusu ni mgumu kuupinga kuliko uongo mzima. Katika Mòd mwimbaji hupewa alama za muziki na alama za Kigaeli mbalimbali, na kwa hiyo hufanya jitihada kubwa ya kutamka sawasawa. Wengi miongoni mwa waimbaji wa kwaya za mijini huyapata maneno kwa kuyakariri, silabi kwa silabi, na kuyaimba kwa ufasaha ambao mzee wa Barra angeushangaa. Kisha wakishuka jukwaani hawana neno la kumwambia mzee huyo. Wasomaji wa pwani wana mfano wake karibu. Wapo maelfu wasomao Kiarabu cha Kurani kwa makhraji safi, nao si wasemaji wa Kiarabu, wala hawadai kuwa hivyo. Kisomo chao ni ibada, na ibada ina thawabu yake. Lakini hapana mtu aliyepata kudhani kwamba kwa kisomo hicho Kiarabu kimekuwa lugha ya soko la Tanga. Kukariri huhifadhi sauti, hakuhifadhi mazungumzo. Na lugha ikikosa mazungumzo ni kama kinanda kisichokuwa na mpigaji: waya zote zipo, wimbo haupo.

Hata sauti yenyewe haikuhifadhiwa kwa uaminifu. Mshairi mkubwa wa Kigaeli wa karne ya 20, Sorley MacLean, mzaliwa wa kisiwa cha Raasay mwaka 1911, aliandika kwa ukali katika miaka ya 1930 juu ya wale waliozichukua nyimbo za visiwani wakazivika ukungu na huzuni ya kubuni ili ziwapendeze watu wa sebule za mijini. Nyimbo zile zilitungwa na wanawake waliokuwa wakipigapiga kitambaa cha sufu mezani ili kiwe kizito, na wavuvi, na wachunga ng'ombe. Zilikuwa na tusi, njaa, mapenzi na kisasi ndani yake. Zilipopelekwa ukumbini na kusindikizwa na piano zilitolewa mifupa. Ilipoanzishwa Shule ya Mafunzo ya Kiskoti katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1951, wakusanyaji wake hawakwenda kutafuta nyimbo kwa waliopata nishani. Walikwenda jikoni kwa watu na mashambani, na hazina waliyoirekodi huko ilikuwa kubwa ajabu. Jikoni kulikuwa baraza. Ukumbini kulikuwa jukwaa.

Mfano wa Wales, ambao Mòd iliuiga, waweza kutumika kumwaibisha mwigaji. Mwaka 1950 Eisteddfod ya Taifa ya Wales ilianza kutekeleza kanuni kwamba shughuli zote za tamasha zifanywe kwa Kiwelisi. Asiyejua lugha hakufukuzwa, aliletewa mfasiri. Lakini yeye ndiye aliyehitaji mfasiri, wala si mwenyeji. Katika kiwanja kile Kiwelisi ndicho kinachokata tikiti, kinachotangaza mtoto aliyepotea na kinachouza chai. Katika Mòd, Kigaeli hutawala jukwaani. Mlangoni, mezani na katika msururu wa chai Kiingereza ndicho mfalme.

Hapa atasimama mpinzani aseme kwamba wasemaji wa Kiwelisi katika hesabu ya mwaka 2021 walikuwa watu 538,000, kama asilimia 18 ya watu wa Wales, hali Wagaeli ni kidogo zaidi ya asilimia moja ya Waskoti. Tena hata huko Wales idadi ilishuka kati ya 2011 na 2021. Yote mawili ni kweli. Kanuni ya tamasha haizai wasemaji. Lakini huzaa kitu ambacho wasemaji hawawezi kuishi bila yake, nacho ni haja. Lugha husemwa pale inapohitajiwa. Mahali ambapo kila mtu ataeleweka kwa Kiingereza, na kila mlango utafunguka kwa Kiingereza, msemaji wa Kigaeli huwa anafanya hisani kila anapofungua kinywa. Na hisani huchosha. Uchache wa Wagaeli si sababu ya kuilegeza kanuni. Ni sababu ya kuikaza, maana mwenye kisima kimoja hulinda ndoo kuliko mwenye mto.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote haimo ukumbini kabisa. Imo ndani ya meli.

Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Highlands and Islands walichapisha uchunguzi wao juu ya hali ya Kigaeli katika visiwa. Walikadiria kwamba wasemaji waliobaki katika jamii zinazokisema kama lugha ya kila siku ni kiasi cha 11,000, wengi wao wazee, na wakaonya kwamba hali ikiendelea vile, baada ya miaka kumi hivi lugha haitakuwa tena ya jamii mahali popote. Wako wasomi waliowapinga, wakasema kwamba Kigaeli cha mijini nacho ni Kigaeli, na kwamba kutabiri kifo ni kukiharakisha. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ikaja na majibu yanayowapa haki pande zote mbili: wasemaji katika Uskoti nzima waliongezeka kupita idadi ya mwaka 2011, lakini katika Visiwa vya Magharibi, ngome ya mwisho, walishuka kutoka asilimia 52 hadi asilimia 45. Kwa mara ya kwanza Kigaeli kimekuwa lugha ya wachache katika nyumba yake ya mwisho. Shule za mijini zinazaa wanafunzi. Visiwa vinapoteza majirani.

Na kwa nini visiwa vinapoteza majirani? Si kwa sababu vijana wa South Uist hawajui kuimba. Ni kwa sababu nyumba inapouzwa, mnunuzi mwenye fedha za mjini huinunua kuwa makao ya likizo, na kijana aliyezaliwa hapo hapati pa kuoa na kulea. Ni kwa sababu kazi ni chache. Ni kwa sababu meli hazitegemeki: mwezi Juni 2023 watu wa South Uist walikusanyika bandarini Lochboisdale kulalamika, baada ya safari zao kufutwa karibu mwezi mzima. Mtoto akihamia Glasgow na wazazi wake, Kigaeli chake hakifi siku hiyo. Hufa polepole, uwanjani mwa shule, mahali ambapo hapana mwenziwe wa kukiitikia.

Sasa mji wa Oban ndiyo lango la visiwa hivyo, na wenyewe hujisifu kwa jina hilo. Hospitali yake huwahudumia watu wa visiwani. Maduka yake ni maduka ya watu wa Tiree. Meli ya Barra, baada ya safari ya saa zipatazo tano, hutua katika gati lake. Basi mtihani wa kweli wa ukarimu wa mji huu si mwimbaji wa Edinburgh anayefika Oktoba na sanduku la nguo za sherehe. Ni bibi kizee wa Tiree anayefika Februari, peke yake, amefungwa shali, anaumwa kifua. Je, pana mtu wa kumwambia "Fàilte" siku hiyo? Je, daktari au mwuguzi ataweza kumuuliza maumivu yake kwa lugha aliyoliliwa nayo utotoni? Je, karani wa meli, mwenye duka la dawa, mwenye nyumba ya wageni, ana maneno matatu ya kumpa? Yeye ndiye mwenyeji ambaye Mòd ilianzishwa kwa ajili yake. Ikiwa mji humwekea kwaya zulia jekundu na kumwacha bibi huyu aazime lugha ya watu ili apate kutibiwa, basi mji umempokea mgeni na kumfukuza mwenyeji, na tamasha ni pazia la kuficha jambo hilo.

Hapa wapo wanaodhihaki, na dhihaka yao haifai kitu. Wao husema tamasha lifutwe, fedha zigawanywe, na waimbaji warudi makwao. Huo ni uvivu uliovaa kanzu ya hekima. Mkusanyiko wa watu wanaoipenda lugha, hata kwa mapenzi ya siku tisa, ni mtaji, na mwenye akili hatupi mtaji. Waliosema "mgeni njoo" walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kosa la Mòd si kwamba huwaita wageni. Kosa lake ni kwamba haijawahi kuwapa jembe.

Jembe hilo lina mipini kadhaa. Wa kwanza ni kanuni ya lugha kwa mfano wa Wales: mlango, meza, tangazo na chai ya tamasha viwe vya Kigaeli, na asiyejua apewe mfasiri kwa heshima. Wa pili ni deni la mji. Mji unaotaka kupokea Mòd na uahidi, kabla ya kupewa, kitu kitakachobaki baada ya mabango kushushwa: madarasa ya jioni kwa makarani na wauguzi, walimu wa kutosha katika madarasa ya Kigaeli ya shule zake, nafasi za kazi ambazo lugha ni sharti lake. Mji usiotimiza ahadi usipewe tamasha mara ya pili. Wa tatu ni mashindano yenyewe: heshima iliyo sawa na nishani ya dhahabu ipewe mazungumzo, masimulizi na mabishano ya papo kwa papo, mambo ambayo hayakaririki. Katika kisiwa cha Barra, tangu mwaka 1981, watu walianzisha fèis, mkusanyiko ambao watoto hufunzwa ngoma, zumari na nyimbo bila ya kushindania kombe, na mfano huo umeenea nchini. Hapo baraza limerudi. Mòd haioni aibu kumuiga Mwelisi. Na isione aibu kumuiga mtoto wake wa Barra.

Mpini wa nne ni mzito, nao ni siasa. Mwaka 2005 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya Kigaeli, na mwaka 2025 likapitisha sheria nyingine iliyokipa hadhi rasmi na kuruhusu maeneo maalumu ya lugha kutangazwa. Sheria ni njema, lakini sheria isiyo na nyumba, kazi na meli ni shairi lisilo vina. Maelfu ya watu wanaokusanyika kila Oktoba wangeweza kuwa sauti ya kudai hayo, kama ilivyokuwa kabla ya mwaka 1918. Mkusanyiko mkubwa kuliko yote wa Wagaeli katika mwaka unapopita bila ya kumwuliza waziri hata swali moja juu ya nyumba za Uist, waziri huyo ana haki ya kukaa mstari wa mbele, kupiga makofi, na kwenda zake amestarehe.

Asidhani msomaji kwamba haya ni mambo ya Wazungu wa kaskazini tu. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangazo hilo ni heshima kubwa. Lakini siku ni jukwaa. Ikiwa hotuba zitakuwa tamu tarehe 7, na tarehe 8 mtoto wa Tanzania ataingia sekondari akafundishwa hisabati, fizikia na jiografia kwa Kiingereza, basi sherehe hiyo na Mòd ni watoto wa tumbo moja. Tena Kiswahili chenyewe ni mwenye nguvu mbele ya ndugu zake wadogo. Ngoma za Wamakonde na za Wazaramo hualikwa katika dhifa za kiserikali, zikashangiliwa. Lugha za ngoma hizo hazialikwi darasani. Anayelia kwa kupigwa na mkubwa na autazame mkono wake mwenyewe.

Juu ya kilima cha Oban, jengo la McCaig lina matao mengi yanayopendeza machoni, lakini halina paa wala vyumba. Tajiri alikufa kabla ya kulimaliza, na nyuma ya ukuta pana majani tu. Hapana mtu alalaye humo. Mji wenye jengo la namna hiyo usingepaswa kuhitaji kuambiwa tofauti ya ukuta na nyumba. Lugha haiombi ukuta wa kutazamwa kutoka baharini. Yaomba chumba, meko na mtu wa kujibu. Siku Mòd itakapowapa hayo watu wa visiwa, hapo "Fàilte" litakuwa neno la mwenyeji kwa mgeni wake. Mpaka siku hiyo, ni neno ambalo wageni huambiana wao kwa wao.